Dawati la Laker

Kila asubuhi Oyella alifagia uwanja, akateka maji kwenye pampu ya kijiji, kisha akampashia shangazi yake maji ya kuoga.

"Haya maji umeyachemsha, au umeyaonyesha moto tu?" Shangazi Akongo alimtania.

Oyella alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake waliuawa vitani, na shangazi huyo, muuguzi wa hospitali ya misheni karibu na Gulu, ndiye aliyemlea.

Oktoba mwaka ule ukaingia ugonjwa wa kutoka damu, ulioambukiza kwa kugusana. Watu walisimika matete mawili mbele ya mlango wa nyumba yenye mgonjwa, ili mtu asiingie. Salamu za mikono zilikoma. Hata kanisani, padri aliposema watakiane amani, waumini waliinamiana vichwa tu.

Jioni moja Shangazi Akongo alirudi, lakini hakuingia uani. Alisimama mbali, njiani.

"Usinisogelee, mwanangu. Simama hapo hapo."

"Unaumwa, Shangazi?"

"Siumwi. Ila wenzangu watatu wamekufa wiki hii. Leo daktari ametuambia anayetaka kwenda kwao aende, hakuna atakayemlaumu."

"Basi njoo nyumbani!"

"Laker, yule binti wa darasani kwenu, yuko wodini. Mama yake amefia kwenye kitanda cha kando yake. Analilia maji, na wa kumpa hakuna."

"Na mimi je? Mimi si mtoto wako?"

Shangazi alifunika uso kwa kanga. Alipoufunua, ulikuwa umelowa.

"Ungekuwa hupo, nisingepata shida kuamua. Naogopa, Oyella. Nimesali kutwa nzima na bado naogopa. Lakini nikimkimbia mtoto yule, nitakufundisha nini tena juu ya Kristo? Navaa glavu mbili, barakoa na buti. Siendi kujiua, naenda kuuguza. Wewe kakae kwa jirani yetu, Bibi Ayot."

Baada ya siku kumi na nane, katekista alifika kwa Bibi Ayot, kofia mkononi. Alileta habari kwamba Shangazi Akongo aliambukizwa wodini, naye amefariki.

Shangazi Akongo alizikwa ndani ya mfuko wa plastiki, na watu waliovaa kinga mwili mzima. Oyella alitazama kutoka nyuma ya kamba. Hakuruhusiwa hata kutupa konzi ya udongo. Tangu siku hiyo, Bibi Ayot aliposali, Oyella alitazama ukuta tu.

Ugonjwa ulipokwisha, shule ilifunguliwa. Laker alikuja, amekonda, nywele zimenyonyoka. Mwalimu Opwonya alibandika ukutani cheti cha hospitali kilichosema kwamba amepona na hawezi kumwambukiza mtu. Hata hivyo, wanafunzi waliokuwa karibu naye walihama mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake kwenye dawati.

"Kaburi linatembea hilo!" alisema mwanafunzi mmoja, Komakech, na darasa likacheka.

Oyella hakucheka. Wakati wa mapumziko alimwendea Laker akamwambia jambo baya kuliko hilo.

"Heri ungekufa wewe. Heri ungekufa wewe, shangazi yangu awe hai."

Laker hakukasirika. "Hata mimi nilimwambia hivyo," alijibu polepole. "Nilimwambia, niache, rudi kwa mwanao. Akanilisha uji kwa kijiko. Akasema, 'Angekuwa mwanangu amelala hapa, ningeomba mtu asimkimbie.'"

Oyella aligeuka, akaenda nyuma ya darasa. Huko alilia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akasali: "Mungu, simpendi. Siwezi. Nisaidie."

Kengele ilipolia, alichukua vitabu vyake akaketi kando ya Laker.

"Utakufa wewe!" Komakech alimwonya.

"Cheti kiko ukutani. Au kusoma nako kumekushinda?"

Mwalimu Opwonya alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliweka chaki mezani.

"Ugonjwa tunaukimbia kwa akili," alisema. "Tunanawa mikono, hatugusi mgonjwa wala maiti bila kinga, tunawahi hospitali. Lakini mtu hatumkimbii. Nilimfahamu Akongo. Alipenda kuishi kama sisi sote. Upendo wa Kristo, wanangu, haupimwi siku ya sikukuu. Hupimwa siku ambayo kila mtu anatafuta mlango wa kutokea. Siku hiyo Akongo alibaki. Leo Oyella naye amebaki." Akachukua chaki tena. "Haya, fungueni ukurasa wa arobaini."

Laker hakuwa na kitabu. Vitu vyote vya kwao vilichomwa moto kwa hofu ya ugonjwa. Oyella alisogeza chake katikati ya dawati, wakainamisha vichwa wakasoma.