Somo Wake Alimwambia Atangulie

Njia ya kando ya kijito, kutoka Matogoro kuelekea Bombambili, haina mlima. Inapita chini ya mikaratusi ya msitu wa hifadhi, na maji yako mkono wa kushoto karibu safari nzima. Jumapili walimu waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walikuja pale na watoto wao kunyoosha miguu tu. Hakuna aliyeiogopa.

Mwaka 1993 sisi tuliipita kila siku. Nilikuwa nimepunguzwa kazini, na mke wangu alikuwa ameanza kuuza mitumba pamoja na jirani yetu. Mke wangu alibatizwa Kunegunda. Jirani naye Kunegunda. Kwa hiyo waliitana somo, kama wanavyoitana wenye jina moja. Mimi nilimwita mke wangu Mama Edna, kwa jina la binti yetu, na jirani nilimwita shemeji. Jina lenyewe lilibaki la kanisani. Waliolitamka ni paroko na masista, basi.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa limetoka vizuri. Nilisukuma baiskeli yenye robota la nguo. Siku zote shemeji ndiye aliyetangulia, maana ana hatua ndefu. Siku hiyo alisimama pale njia inapoingia msituni.

"Somo, tangulia leo. Kisigino kinaniuma."

"Kisigino au uvivu?" mke wangu akamtania. "Jana ulitukimbiza kama unafukuzwa na mbwa!"

"Tangulia tu, somo wangu. Na wewe shemeji, angalia hiyo baiskeli isije ikakusukuma wewe."

Tukacheka. Mke wangu akatangulia.

Tulipofika kwenye matete, ndege walinyamaza. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, tulivu, kutoka upande wa maji.

"Kunegunda."

Mke wangu alijua ni sista. Nani mwingine angemwita hivyo? Akashusha furushi kichwani, akakunja goti kidogo kwa heshima.

"Abee, Sista!"

Hakukuwa na sista. Matete hayakutikisika. Niligeuka nimuulize shemeji kama ameona mtu. Alikuwa amebaki nyuma, mbali, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuwa anatazama matete. Alikuwa anamtazama mke wangu.

Sokoni Mama Edna aliomba maji. Akanywa. Akaomba tena. Jioni alimaliza ndoo, na midomo yake ilikuwa bado imekauka. Nikamfunika blanketi.

"Baba Edna," akanong'ona, "nani anamwaga maji?"

Hakuna aliyekuwa anamwaga maji.

Alfajiri nilimgusa. Alikuwa amekufa. Shuka lilikuwa kavu. Godoro kavu. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika.

Hospitali walisema malaria, nikakubali. Tulimzika kwa sala zote. Shemeji alilia kuliko hata dada wa marehemu wa tumbo moja, akalala mkekani na wafiwa mpaka mwisho. Aliwapikia wageni. Alimsuka Edna nywele. Kila nilipopiga magoti nilimshukuru Mungu kwa kutupa jirani wa namna ile.

Siku tuliyoanua matanga alinifuata nyuma ya jiko, nikiwa napasua kuni.

"Shemeji," akanong'ona, "ile sauti ilikuwa inaniita mimi. Tangu Kwaresma. Kila nikipita pale. Sikuitika hata mara moja."

"Ni nini ile?"

"Sijui. Ila ilikuwa inasogea. Siku za mwisho ilikuja kuniitia mlangoni kwangu."

"Na hukutuambia."

"Ningekuambia, shemeji, ungemwacha atangulie?"

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Shoka likaniponyoka mkononi. Yeye akaokota kuni zilizokwisha kupasuliwa, akaenda nazo jikoni.

Paroko ameniambia nisamehe. Nimejaribu. Nikisali Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe, ulimi unagoma. Naparuka. Mungu anajua kwamba naparuka.

Tangu mvua za Desemba zianze, kuna nyayo. Kunapokucha nazikuta kwenye udongo mwekundu, zimetoka njia ya kijitoni. Miguu mitupu, ya mwanamke. Nimeishi na mke wangu miaka mingi, nyayo zake nazijua.

Zinapita mbele ya mlango wangu. Hazisimami. Hazigeuki hata kidogo upande wa chumba anacholala mtoto wake. Zinakwenda moja kwa moja hadi chini ya dirisha la somo wake na kuishia hapo, vidole vimeelekea ukutani, zimezama kama za mtu aliyesimama muda mrefu.

Za kurudi hazipo.

Nachukua fagio kabla Edna hajaamka, nafagia kutoka njiani mpaka mwisho wa kiwanja changu. Kuanzia hapo anafagia shemeji. Hatusalimiani. Akimaliza anaingia ndani na kufunga dirisha.

Mimi mlango wangu nauacha wazi kila usiku tangu mvua ya kwanza. Kizingitini ni pakavu.