Mstari Kwenye Maji

Kila siku baada ya masomo, Kidole alipitia kwenye maabara ya shangazi yake. Alivua viatu mlangoni, akavaa koti jeupe lililomfika vifundoni na glavu zilizompwaya, kisha akaanza kupanga ncha za plastiki kwenye visanduku na kuandika namba kwenye vichupa vidogo. Jina hilo la utani alilipata kwa tabia yake. Tangu alipokuwa akitambaa, binti yule hakuona tundu asitie kidole. Siku ya kwanza shangazi alimwonya, "Hapa macho ruksa, kidole marufuku."

Maabara ile ilipima magonjwa ya mifugo. Shangazi alitoa vinasaba kwenye damu ya mnyama, akavitia kwenye mashine iliyopasha moto na kupoza, ikapasha na kupoza tena. Kama kijidudu cha ugonjwa kilikuwemo, kila mzunguko ulinakili kipande cha vinasaba vyake: kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, mpaka mabilioni. Kama hakikuwemo, hapakuwa na cha kunakili. Mwishoni aliweka matone kwenye bamba laini la jeli, akapitisha umeme na kuwasha taa ya bluu. Damu yenye ugonjwa ilionyesha mstari unaong'aa, na damu salama haikuonyesha kitu. Dawa za kila kichupa zilichanganywa kwa maji ya chupa moja, na siku zote kichupa cha mwisho kilitiwa maji hayo matupu, ambayo hayakutakiwa kuonyesha mstari.

Wiki ile bibi mmoja, jirani yao, alishinda kwenye benchi la nje. Ng'ombe wake mmoja tu, mwenye mimba, alikuwa ametolewa damu ya kupimwa. Ugonjwa mbaya ulikuwa umeingia mtaani, na bwana mifugo alikuwa na amri mkononi: ng'ombe atakayeonekana nao achinjwe na kufukiwa.

"Mjukuu wangu, wamesemaje?" bibi akauliza. Vidole vyake vilikuwa vikisuka kamba fupi.

"Bado, bibi. Hiyo kamba mbona fupi hivyo?"

"Ya ndama," akajibu, akatabasamu.

Jumatatu shangazi aliwasha taa. Mahali pa ng'ombe wa bibi pakang'aa mstari. Lakini shangazi hakuwa akitazama pale. Alikuwa ameinamia mwisho wa jeli, kwenye maji matupu. Pale pia palikuwa na mstari.

"Tangu lini maji yakaota kwato?" akauliza, wala hakucheka.

Mfagiaji aliyekuwa mlangoni akatikisa kichwa. "Mama, nilishasema, chumba hiki kina wenyewe."

"Wenyewe ni uchafu tu, ndugu yangu. Nipe dawa ya kufutia meza."

Kidole alijua uchafu ulikotoka. Ijumaa shangazi alipotoka kupokea simu, aliichukua pipeti, kile kifaa cha kufyonzea matone, iliyokuwa mezani, ncha yake bado mbichi kwa tone lililotoka kwenye mashine, akaichovya kwenye chupa ya maji. Alitaka tu kuona maji yanavyofyonzwa. Alifanya mara moja, akairudisha. Hakuna kilichomwagika, na maji hayakubadilika rangi hata kidogo.

Shangazi alisafisha kila pembe, akatupa dawa zote alizozishuku. Chupa ya maji hakuishuku, kwa kuwa aliifungua mwenyewe Ijumaa hiyohiyo. Jumanne akapima upya. Mstari ukarudi palepale.

Basi mstari huo ukaanza kumwandama Kidole. Aliuona kwenye beseni la kuogea, akauona kwenye glasi ya maji mezani. Chakula kikawa hakishuki. Mama yake alimgusa paji la uso, lakini homa hakuna. Loo, kumbe siri nayo huumwa! Alitaka kusema, akaogopa. Shangazi akijua atamfukuza, na duniani hapakuwa na mahali alipopapenda kama pale.

Jumatano alasiri bwana mifugo aliingia na karatasi zake.

"Daktari, nimengoja vya kutosha. Mstari umeonekana mara mbili. Kesho asubuhi ng'ombe anachinjwa."

"Maji ndiyo shahidi wangu," shangazi akasema. "Shahidi akisema uongo, utamhukumu mtu?"

"Basi nipe jibu la kweli kabla ya kufunga ofisi."

"Muda unatosha kupima mara moja tu, na uchafu sijui unatoka wapi!"

Kidole akatazama dirishani. Bibi alikuwa anafunga fundo la mwisho la ile kamba.

"Shangazi." Sauti ilimtoka kama si yake. "Ni mimi. Ijumaa nilichovya pipeti yenye tone la mashine kwenye chupa ya maji."

Shangazi alifumba macho, akayafumbua, kisha akaitoa ile chupa mezani na kufungua mpya. Akapima upya, kisha akawasha taa ya bluu.

Kichupa kilichotiwa vinasaba vya ugonjwa kwa makusudi kiling'aa, kuonyesha kwamba mashine imefanya kazi yake. Maji yalikuwa giza. Ng'ombe wa bibi, giza.

"Mzima!" bwana mifugo akasema, akaichana karatasi ya amri.

Huko nje bibi alisikia, akajifunika uso kwa ile kamba akalia. Kidole naye akalia.

"Umenikasirisha sana," shangazi akamwambia. "Tone moja tu la mashine lina nakala nyingi kuliko watu wote duniani. Halionekani, lakini lingemuua ng'ombe mzima. Na uongo wa kunyamaza ni vivyo hivyo, mwanangu, huzaana kimyakimya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kukosea tunakosea sote. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

"Nisije tena?"

"Uje. Kuanzia kesho, kichupa cha maji utakitia wewe, nikiwa nimesimama kando yako."

Ndama alizaliwa, akavishwa kamba yake. Lakini hadi leo, taa ya bluu inapowashwa, Kidole hutazama maji kwanza, na moyo humdunda mpaka aone giza.