Doa Kwenye Herufi Nyekundu

Kila Jumamosi, akitoka madrasa, Mwanvua alipanda metro kutoka Anderlecht hadi kwenye monasteri moja ya zamani katikati ya Brussels. Huko, yeye na mwenzake Quentin waliwaongoza wageni na kuwaonyesha vitabu ambavyo watawa waliviandika kwa mkono, karne nyingi zilizopita, juu ya ngozi ya ndama. Watalii hawakosekani. Wengine hutoka mbali kuja kuona kitabu kimoja tu, cha Injili.

Kitabu chenyewe hukaa ndani ya sanduku la kioo, na kila wiki hufunuliwa ukurasa mwingine ili mwanga usichujushe rangi. Siku hiyo zamu ya kufunua ilikuwa ya Mwanvua. Tena baba yake, papa Karimu, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje kumsikiliza kwa mara ya kwanza. Hebu fikiria furaha ya mtoto huyo!

"Mikono iwe safi," alisema maman Andrée, mtawa mzee wa Kibelgiji aliyejifunza Kiswahili Bujumbura. Akafungua sanduku, kisha akaenda kupokea wageni.

Kwao Mwanvua, kitabu kitakatifu hakishikwi bila udhu. Basi akakimbilia bombani, akatawadha, akarudi mikono ingali na maji. Akafunua ukurasa. Lo! Herufi kubwa nyekundu ikavuja rangi chini ya kidole chake. Akajifuta kwenye sketi, akasimama kando kama hajui lolote.

Maman Andrée aliporudi aliliona doa. Kisha akaona chupa ya maji mkononi mwa Quentin, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

"Maji humu ndani? Bon, vua beji yako. Leo huongozi."

"Mimi sijagusa kitu," alisema Quentin, machozi yakimlengalenga.

Papa Karimu alikuwa amekwisha fika mlangoni, amevaa koti lake la Idi. Mwanvua alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini amtwishe mwenzake mzigo usio wake?

"Ni mimi, maman Andrée. Nilitawadha, sikukausha mikono. Halafu nikanyamaza. Quentin, nisamehe."

Maman Andrée naye akamwomba Quentin radhi, akamrudishia beji. Kisha akamgeukia Mwanvua. "Ulikiheshimu kitabu kama ulivyofundishwa, na hilo ni jema. Lakini mgeni huuliza kwanza viatu vinavuliwa wapi. Ngozi hii haipatani na maji. Fundi atalitazama doa, ila halitatoka lote. Nenda ukaongoze, na usilipite kimya."

Mgeni mmoja akauliza nani ameiharibu herufi ile.

"Mimi," alijibu Mwanvua, akaeleza yote.

Wakirudi nyumbani, papa Karimu alisema, "Kosa la mikono wamekusamehe, maana hukujua. La kunyamaza tungerudi nalo Anderlecht, na Quentin angekwenda kwao na lawama isiyo yake. Umefanya vizuri kusema ukweli pale pale." Akatabasamu. "Ila Jumamosi ijayo beba taulo."