Chupa ya Sita

Kila Jumamosi asubuhi, ua wa nyumba ya dobi ulijaa kamba za mashuka meupe. Dobi mwenyewe alifua, mzee aliyeitwa Babu Pasi akanyoosha, na mpwa wa dobi, msichana wa miaka kumi na miwili, akafanya kila kilichobaki. Dobi, aliyekuwa shangazi yake, alimbandika msichana huyo jina la Chapuchapu, maana kufagia kwake mbio, kula kwake mbio, hata chafya alipiga kama mtu aliyechelewa.

Mtaani alisifika kwa jambo moja: chupa za plastiki. Mtaro wa mbele ya nyumba ulikuwa umezibwa na chupa za maji ambazo watu walikunywa na kutupa. Mvua ikinyesha, maji machafu yalipanda mpaka mlangoni. Chapuchapu alizitoa moja moja, siku baada ya siku, mpaka maji yakapata njia. Zile nzima aliziosha vizuri. Nyingine zikawa za maji ya kunywa, nyingine shangazi akawekea dawa ya kutoa madoa, kwa sababu dumu la dawa lilikuwa kubwa na zito kuinua kila mara.

Dawa hiyo ilikuwa kali, lakini kwa macho ilikuwa maji matupu. Kwa hiyo palikuwa na sheria: kila chupa ya dawa ifungwe uzi mwekundu shingoni. Kazi ya kujaza na kufunga ilikuwa ya Chapuchapu, naye aliijua kama jina lake.

Jumamosi hiyo darasa lake lilikuwa na mechi ya netiboli. Alijaza chupa sita, akafunga tano, uzi ukamwishia mkononi. Kibunda kingine kilikuwa kabatini, hatua kumi tu kutoka pale. Mara wenzake wakampigia mluzi langoni.

"Njoo bwana, tunachelewa!"

"Nakuja! Hii nitaifunga nikirudi," akajisemea, akaiacha chupa ya sita mezani, akatimua mbio. Hatua kumi, jamani! Hatua kumi zilimshinda mtu mwenye miguu kama yake.

Uwanjani alicheza vizuri kweli. Wakati wa mapumziko, rafiki yake alimrushia chupa ya maji. Chapuchapu akaidaka, akafungua kifuniko, akaiinua. Hapo mkono ukaganda. Alitazama yale maji maangavu. Meza ile nilipoiacha chupa, akawaza, si ndiyo meza ya Babu Pasi?

"Wee, unakwenda wapi? Mechi bado!" wenzake walimpigia kelele. Hakugeuka.

Babu Pasi, ni lazima mjue, hakunyunyiza nguo kwa mkono kama watu wengine. Alijaza maji ya chupa mdomoni, akayapuliza, pyuuu, yakatua juu ya nguo kama ukungu. Dobi alimsihi mara nyingi atumie chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, naye akajibu, "Mdomo wangu una miaka thelathini kazini, haujawahi kuvuja." Tena wiki hiyo alikuwa na mafua makali. Hata kitunguu kingekatwa chini ya pua yake, asingekisikia.

Chapuchapu aliingia uani akihema. Shangazi alikuwa akizungumza na mteja mmoja, mama mnene mwenye sauti kubwa. Kwenye meza ya pasi kulikuwa na chupa tatu, zote sawasawa. Msichana aliona haya kusema mbele ya mgeni. Nitaitafuta kimyakimya, akawaza, hakuna atakayejua. Akaichukua ya kwanza, akainusa. Maji. Akanyoosha mkono kwa ya pili.

Babu Pasi tayari alikuwa ameinyakua ya tatu.

"Babu, usi—"

Pyuuu! Maji yakatua kwenye shati la buluu. Babu Pasi akashika midomo, macho yakamtoka, akaanza kutema na kukohoa. Na pale mezani, mbele ya macho ya wote, shati likaanza kutokwa na madoa meupe.

"Amekunywa nini?" dobi alipiga ukelele.

"Pengine maji ya dukani yameharibika," mteja alidakia. "Siku hizi wanauza chochote!"

Hapo Chapuchapu angeweza kunyamaza. Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mtu mzima. Lakini alimwona mzee akitetemeka, akaona kwamba kila dakika ya kubahatisha ni dakika ya kumuumiza.

"Ni dawa ya madoa, Shangazi! Ni mimi. Sikuifunga uzi."

Dobi hakupoteza muda kwa kufoka. Alimpeleka mzee bombani, akamsukutulisha kinywa tena na tena.

"Mtapisheni!" mteja alisema.

"Hapana! Kitu kikali kikipanda kooni kinaunguza mara ya pili. Chapuchapu, beba hiyo chupa, twende zahanati."

Muuguzi alimkagua mzee kinywa na koo. Midomo na ulimi vilikuwa vimeungua kidogo, lakini hakumeza hata tone. "Mmefanya vyema kunieleza ni kitu gani," alisema. "Wengine huja hapa wameficha, nasi tunapapasa gizani."

Babu Pasi alipoweza kusema, alinong'ona, "Miaka thelathini napiga pasi nguo za watu. Leo nimepigwa mimi." Chapuchapu akacheka na kulia kwa pamoja.

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ungenyamaza, hapo tungegombana."

Walipofika nyumbani, dobi alirudisha dawa yote kwenye dumu lake lenye maandishi ya hatari, akalifungia kabatini. Zile chupa sita akazitoboa matundu ili mtu asizitumie tena, akazitenga na nyingine, ziende kwa wanaosaga plastiki, baada ya kuwaeleza zilikuwa na nini.

"Basi nisiokote chupa tena?" Chapuchapu aliuliza kwa unyonge.

"Okota, mwanangu! Chupa iliyotupwa inaziba mtaro na kutuletea maradhi. Lakini kuitumia tena bila akili ni hatari ileile iliyohamia ndani ya nyumba. Kosa la uzi ni lako. Kosa la kutia sumu ndani ya chupa ya maji ni langu, nami nimeliacha leo."

Akamshika bega.

"Chupa ina mdomo, lakini haina ulimi. Haiwezi kumwambia mtu 'usininywe.' Leo imebidi useme wewe, na kwa sababu ulisema, mzee yule kesho atakuja kazini."