Sauti Iliyo Ndani ya Kutu

Jua lilikuwa linazama Mbinya alipotoka kwenda kununua tangawizi na asali. Duka la Mwinyihaji halikuwa mbali, na njia yenyewe aliijua kama kiganja chake. Tangawizi ilikuwa ya mdogo wake, Nzau, aliyepoteza sauti tangu bendi yao ilipomaliza kurekodi. Daktari alimmulika koo, akasema haoni kidonda wala uvimbe. Basi ikabaki tangawizi. Mtu atafanya nini?

Nzau ndiye aliyekuwa mwimbaji, kama kule kuunguruma kwaitwa kuimba. Albamu yao ya roki nzito waliiita Kutu. Magitaa yakwaruza, ngoma zapigwa kama watu wanaovunja mlango, na hakuna pahali pa kupumua. Mji wa Voi uligawanyika. Wengine waliizima kabla ya wimbo wa kwanza kuisha. Wengine hawakusikiliza kitu kingine tena.

Pale dukani ubishi ulikuwa umepamba moto.

"Hiyo si muziki," alisema Festus, fundi wa kuchomelea mageti. "Mimi nikikata chuma na grinda, napata hiyo kitu bure."

"Irudie tu," alijibu Idris, mtoto wa Mwinyihaji. "Hata mimi mwanzo niliizima. Lakini wimbo wa mwisho, chini ya zile kelele, kuna mtu... aniita."

"Anakuita?"

"Kwa jina langu. Taratibu, kama mtu wa nyumbani."

"Mimi nasikia grinda tu!"

Watu wakacheka. Mbinya hakucheka. Idris ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini, na mtaa mzima uliijua sauti yake. Sasa alikuwa akinong'ona tu, kama aliyekaukiwa sauti.

"Ulimwitikia?" Mbinya akamuuliza.

"Mtu akikuita, dada, utanyamaza? Nilisema naam."

Wakio, mama wa Kitaita aliyeuza mboga hapo barazani, aliacha kukata sukuma wiki.

"Hawa vijana walirekodi wapi?"

"Huko juu ya Makwasinyi," Mbinya alisema. "Kwenye pango. Walipenda mwangwi wake."

"Lile la mafuvu?"

Mbinya akainamisha kichwa. Nani asiyejua kwamba Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao kwenye mawe, na kwamba pahali kama pale hapapigwi kelele? Vijana walijua pia. Waliona ni ujanja kurekodia hapo hapo.

Akaeleza alivyosimuliwa na Valentine, mpiga ngoma wao. Kabla ya kurekodi lazima maiki zijaribiwe. Mmoja huita, mwenzake huitika, fundi akarekebisha sauti. Valentine alikuwa ametoka nje kuwasha jenereta. Nzau akasikia jina lake, akadhani ni Valentine anajaribu maiki. Akaitika naam. Valentine hakuwa amemwita.

Wakio akasogea karibu. "Huku kwetu, jioni jina lako likiitwa na humwoni anayeita, huitiki. Hata kama ni sauti ya mama yako. Ukiitika, umempa."

"Umempa nini?"

"Sauti yako, nini tena?"

"Na inarudi, mama?"

Wakio akaanza kufunga mboga zake. "Sijasikia iliyorudi," alisema.

Mbinya alirudi nyumbani na tangawizi na asali mkononi, na moyo mzito. Nzau alikuwa amelala, uso kwenye ukuta. Mbinya hakuipenda Kutu, na hakuwahi kufika mwisho wake. Lakini kama sauti ya mdogo wake ilikuwa mle ndani, alitaka kuisikia hata mara moja. Hataitika. Atasikiliza tu.

Akavaa hedfoni, akaweka wimbo wa mwisho. Akajiziba mdomo kwa leso.

Kelele... Kelele tupu. Vyuma juu ya vyuma. Kisha chumba kikaanza kunuka mawe yenye unyevu na mavi ya popo. Zile kelele hazikupungua, ila chini yake pakafunguka nafasi ya kimya.

"Mbii..."

Nzau! Hakuna mwingine duniani aliyemwita Mbii. Machozi yalimtoka. Alitamani sana huyu mtoto aliyemlea mwenyewe aongee hata neno moja la upuzi. Lakini aliuma leso, hakuitika. Akazing'oa hedfoni, akazitupa chini.

Kimya.

Kisha, nyuma yake, kutoka kitandani:

"Mbii."

Sauti safi kabisa! Imerudi! Furaha ikamjaa, leso ikamdondoka.

"Bee!" akaitika, akageuka.

Nzau alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa ameziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, akitikisa kichwa, macho yamemtoka.

Asubuhi Festus alibisha hodi, simu mkononi, hedfoni shingoni.

"Mbinya, mwambie Nzau naomba msamaha. Jana nilirudia ile Kutu, na si mbaya! Halafu mbona hamkusema mmeweka mwanamke kwa wimbo wa mwisho? Ako na sauti kama yako."

Mbinya akafungua mdomo.

"Tena ananitaja jina, unajua? Jana simu ilizima kabla sijasikia vizuri. Hebu ngoja..."

Akaingiza hedfoni masikioni. Mbinya akamshika mkono, akauvuta. Akafungua mdomo tena, akasukuma kwa nguvu zake zote hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Pumzi ndiyo iliyotoka, pumzi peke yake. Festus alidhani anataka kusikiliza. Akacheka, akamwonyesha kidole kwamba asubiri kidogo, wimbo ulikuwa unakaribia kwisha.

Uso wake ukalegea.

"Naam," Festus akasema.