Moyo Uliopimwa Mlimani

Ilikuwa siku ya gulio Masasi, mwezi wa saba mwaka sabini na mbili, na stendi nzima iligeuza shingo kwa pamoja. Veridiana binti Ambrosi alikuwa ameshuka kwenye basi la Lindi amevaa suruali. Tena suti ya michezo, ya buluu, yenye mistari miwili myeupe ubavuni, na nywele kazichana zikasimama kama mwavuli. Mama mmoja alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Watazame mpaka macho yachoke," Veridiana alijisemea, akatundika begi begani.

Hakufika mbali. Vita vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu, na kila begi lililokuwa likielekea Newala lilipekuliwa. Mpekuzi siku hiyo alikuwa Felician, mwalimu wa mgambo kutoka Chiungutwa, kijana mrefu mwenye sauti nzito na khaki iliyonyooshwa kwa pasi.

"Dada, hii nini?"

"Saa ya kupimia mbio."

"Na hiki?"

"Kipimo cha presha."

"Kumbe daktari?"

"Mwanafunzi. Nasomea sayansi ya michezo na mazoezi ya mwili, chuo kikuu, Ujerumani Mashariki. Nimemaliza mwaka wa pili."

Felician alicheka mpaka bereti ikamwenda upande. "Yaani umevuka bahari kwenda kujifunza kukimbia?"

"Kukimbia najua tangu Newala. Nimekwenda kujifunza kwa nini wewe utachoka kabla yangu."

Watu wakaangua kicheko. Felician alirudisha vitu begini kimoja kimoja, taratibu, kama mtu asiyetaka kazi iishe.

"Jumamosi napanda Newala kufundisha mgambo," alisema kwa sauti ya chini. "Tutaona nani atachoka."

Alichoka yeye. Walikimbia alfajiri kandokando ya ukingo wa uwanda, pale ambapo bonde la Ruvuma hujaa ukungu mweupe kama maziwa, na kufikia maili ya tatu Felician alikuwa ameshika magoti.

"Mtani, unaniua," alihema.

"Bado hujafa. Nipe mkono nikupime mapigo."

Alimshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Dakika ikaisha. Mkono hakuuachia, naye Felician hakuudai.

Wiki tatu zikapita hivyo. Veridiana alimweleza kazi aliyotumwa na chuo. Wenzake walikuwa wakipima wanariadha. Yeye aliomba kupima wanawake wa kwao, wanaoteremka bondeni kufuata maji kila mabomba ya Newala yanapokauka, kisha wakaupanda mlima na debe kichwani na mtoto mgongoni.

"Nimekua nikisikia wanaume wakisema hawa hawachoki, wamezoea," alisema. "Nataka niandike kwa namba moyo wa mama yangu ulivyofanya kazi mpaka ukasimama. Nisiporudi na daftari la namba hizo, nafasi yangu chuoni imekwenda."

Felician hakucheka tena. "Laazizi," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la aina hiyo, "andika."

Wiki ya nne Veridiana akaitwa kwa mkubwa mmoja wa usalama. Mezani palikuwa na karatasi, na mkubwa akamsomea: mwanamke kutoka ng'ambo, suruali, saa ya dakika na nukta, daftari tupu la mistari. Chini, sahihi ya Felician.

"Sasa daftari si tupu," mkubwa alisema. "Limejaa namba, saa na njia za kuteremkia mpakani. Unampelekea nani?"

"Profesa wangu. Ni mapigo ya moyo, mzee."

"Mioyo ya wabeba maji? Chuo kikuu? Usinifanye mtoto." Akalifungia daftari kwenye saraka ya meza yake. "Mlimani usionekane tena. Vijiji vya ujamaa vinahitaji walimu. Kafundishe, uolewe."

Nyumbani, baba yake, Mzee Ambrosi, aliposikia alisema maneno yale yale, ila kwa upole zaidi. Veridiana alikwenda moja kwa moja posta, akaomba simu ya Masasi, na foleni nzima ikatega masikio.

"Haloo, Veri wangu?"

"Usiniite wako! Umeniandika jasusi!"

Upande wa pili waya ulikoroma. "Niliandika nilichokikuta begini. Siku ile ile, kabla sijakujua. Kila begi naliandika."

"Na ulipokwisha kunijua? Wiki tatu unanishika mkono, ulishindwa kusema, 'Veri, jina lako liko kwenye karatasi yangu'?"

"Niliogopa utaniacha."

"Basi umeachwa." Akaubwaga mkono wa simu juu ya kitako chake kwa kishindo, akamgeukia mzee aliyekuwa nyuma yake. "Shikamoo, baba. Zamu yako."

Alilia njia nzima, lakini siku ya pili yake aliteremka mlimani. Hakuwa na daftari. Alinunua jingine, akavaa suruali yake ya buluu ili yeyote atakayetaka kumkamata asipate taabu ya kumtafuta.

Kisimani, Mama Husseni, jirani yake, alikuwa akijitwika debe la tatu la siku hiyo. "Mwanangu, tumesikia umekatazwa."

"Nimekatazwa, mama. Wewe umekatazwa kupimwa?"

"Mimi? Nani anikataze?" Mama Husseni akanyoosha mkono.

Hapo ndipo Felician alipotokea, vumbi mpaka kwenye nyusi, amepanda lori la usiku na kuteremka mlima mbio. Wanawake wakamtazama. Alimpita Veridiana. Alikwenda kwa bibi mmoja mzee, akapiga goti. "Shikamoo, bibi. Naomba debe lako."

"Marahaba. Debe langu ulifanyie nini?"

"Nilibebe."

"Kichwani? Na bereti?"

"Bereti naivua."

Vicheko vikapasuka, bonde likavirudisha. Lakini Felician akaviringa shati lake la khaki likawa kata ya kukalishia debe kichwani, akajitwika, akaanza kupanda. Maji yalimmwagikia shingoni. Nusu ya njia, miguu ikaanza kutetemeka, na Mama Husseni akampita, mtoto mgongoni, akiimba. Veridiana alipanda nyuma yao, akipima, akiandika.

Juu, mkubwa wa usalama alikuwa akiwangoja na mgambo wawili. Waliona kwanza wanawake, kisha wakamwona mwalimu wao wenyewe, kifua wazi, amejitwika debe. Mgambo wale hawakujua watazame wapi. Felician akatua maji, akaangukia magoti.

"Mpime," Mama Husseni akaamuru.

Veridiana akapima. "Mia moja themanini na nne," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mama Husseni, mia moja arobaini na nane. Debe la tatu."

"Mkubwa," Felician alihema, "begi la dada huyu nililiandika mimi. Niliyaona mavazi, kazi yake sikuiuliza. Leo naandika upya, na sahihi naweka."

"Umeacha lindo bila ruhusa, Felician. Unajua maana yake?"

"Najua."

Mkubwa akamgeukia Veridiana, lakini Mama Husseni alikuwa ameshatua debe lake katikati ya njia. Mwenzake akatua la kwake. Na mwingine. Madebe ishirini yakaziba njia.

"Baba," Mama Husseni alisema kwa adabu zote, "debe hili ni la nyumbani kwako. Kama namba za maji ni siri ya vita, sisi siri za vita hatubebi. Lichukue."

Mkubwa alilitazama debe lile. Aliondoka bila kuligusa. Kesho yake akaleta daftari mwenyewe, akaliacha mlangoni kwa Mzee Ambrosi bila kubisha hodi. Tangu jana yake wanawake hawakuwa wamempelekea tone la maji.

Felician alivuliwa ualimu wa mgambo wiki ile ile, akarudi Chiungutwa kulima. Veridiana alimfuata kwa baiskeli ya kuazima, akamkuta akipalilia mikorosho.

"Bado nina hasira," alisema.

"Ni haki yako."

"Mwezi wa tisa narudi chuoni. Miaka miwili. Sitaacha kwa ajili ya mwanaume, hata anayebeba maji."

"Sijakuomba uache."

"Najua. Ndiyo maana nauliza mimi: utanioa kabla sijaondoka?"

Jembe likamponyoka. "Veri! Mwanamke hachumbii."

"Mwanamke havai suruali pia. Jibu."

Alijibu kwa kumnyanyua juu, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Jumapili ile Felician alikaa barazani mbele ya Mzee Ambrosi, kofia mapajani. Mzee akatema mate pembeni.

"Kazi umefukuzwa. Mke unataka aende Ulaya siku tisa baada ya harusi. Watu watakapokuuliza mkeo yuko wapi, utawajibu nini, we kijana?"

Mlangoni, Veridiana alitega sikio.

"Nitawajibu yuko masomoni, baba," Felician alisema. "Nitawajibu kwa sauti."