Chupa ya Ushuhuda

Sidonie alikuwa akipepeta maharage nje ya nyumba yake, Rubondo, katika kambi ya wakimbizi, huku akijichekea. Alikuwa na sababu. Mume wake, Anatole, alikuwa amerudi kutoka mjini Mbarara alikotibiwa ulevi. Sasa analima, anakula, anatania watoto. Kesho atatoa ushuhuda kanisani.

Topista, muuguzi wa kliniki ya Base Camp, alifika kumjulia hali. Akaona mezani chupa imejaa kanyanga, ile pombe kali.

"Nyabo Sidonie, hii ni ya nani?"

"Ya ushuhuda, Musawo! Kesho Anatole ataishika mbele ya batu bote, ataimwanga. Shetani atapata haya."

"Shetani atacheka."

Sidonie aliweka ungo chini. "Unasema bwana yangu hana nguvu?"

"Anazo kunishinda. Mimi hata sukari imenishinda kuacha! Lakini sikia habari ya panya."

"Panya? Bale banakula mahindi yangu?"

"Ndugu zao waliosoma. Wataalamu waliwafundisha kubonyeza kitufe wapate dawa ya kulevya. Kila walipopata, taa iliwaka. Kisha wakanyimwa muda mrefu, wakatulia. Siku taa ilipowaka tena, mbio! Wakabonyeza, ingawa hakikutoka kitu."

"Mbona wajinga hivyo?"

"Si ujinga. Ulevi hubadilisha protini za ubongo. Ni vitu vidogo sana, vinasaidia ubongo kufanya kazi na kukumbuka. Mabadiliko mengine hukaa muda mrefu. Wataalamu walipozuia baadhi ya protini hizo, panya walipunguza kuitafuta dawa. Kwa watu, bado wanachunguza. Lakini kwa Anatole, chupa hii ndiyo taa."

Sidonie aliigeukia meza. Tangu asubuhi Anatole alikuwa akizunguka ile meza, akidai anatafuta jembe. Jembe lilikuwa begani mwake.

"Yesu wangu!"

Wakaimwaga chooni wao wenyewe. Waliporudi, Anatole alikuwa amesimama mlangoni. Alishusha pumzi.

"Asanti," alisema. "Niliona haya kusema."

Kesho yake alisimama kanisani mikono mitupu.

"Mungu amenisaidia mingi. Lakini sijapona kabisa, ninapona. Njia ya kwangu inapita pale, fasi banapika kanyanga. Ninaiogopa."

Kisha Mama Concilie, kiongozi wa kwaya, akainuka na ngoma yake.

"Basi tutapita njia ya juu, hata kama ni ndefu. Twende!"

Kwaya nzima ikamsindikiza, ikiimba. Watu wakatoka majumbani.

"Ni arusi ya nani?"

"Ya Anatole," Sidonie alijibu kwa majivuno. "Anaenda kwake."

Miezi imepita. Anatole bado hupita njia ya juu, na kanyanga hajaigusa. Viatu vyake tu ndivyo vinavyolalamika.